Taa ngapi, na ziwekwe wapi? Hesabu ya nuru katika nyumba na maduka ya Lamu

Mtu anapoingia katika duka la vifaa vya umeme pale Langoni, mjini Lamu, mara nyingi huja na swali moja tu: chumba chake ni futi kumi kwa kumi na mbili, je, atahitaji taa ngapi? Muuzaji, ambaye ana wateja wengine wanaosubiri, humtajia idadi, mteja hulipa, na kesho yake fundi huja kutundika balbu katikati ya dari. Haupiti muda mrefu kabla mwenye nyumba hajarudi kutafuta balbu yenye wati nyingi zaidi kwa kuwa chumba bado kina giza, na safari hiyo huweza kurudiwa mara mbili au tatu kabla ya mtu yeyote kushuku kwamba tatizo halikuwa ukubwa wa balbu. Kasoro imo katika swali lenyewe, kwa sababu limeanzia mwisho. Idadi ya taa ni jibu linalopatikana baada ya mambo manne kujulikana: kazi itakayofanywa mahali hapo, kiasi cha nuru kinachohitajika juu ya kazi hiyo, kiasi cha nuru ambacho kuta na dari zinakirudisha badala ya kukimeza, na umbali uliopo kati ya taa na kile kinachotazamwa.

Kabla ya kufika huko, inafaa kutenganisha vipimo vitatu ambavyo huchanganywa kila siku. Wati hupima umeme unaotumiwa na taa, na haisemi lolote kuhusu nuru inayotoka. Zamani kuchanganya mambo hayo hakukuleta madhara, maana balbu za waya zilifanana karibu zote, na ya wati 60 ilitoa nuru ile ile nyumba hadi nyumba, yaani lumeni 700 hivi. Leo balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 au zaidi kidogo, huku nyingine ya wati hizo hizo na ya bei ya chini ikitoa pungufu kabisa, kwa hiyo anayenunua kwa kutazama wati pekee ananunua gizani. Lumeni ndiyo jumla ya nuru inayotoka katika taa kwenda pande zote. Luksi ni kipimo cha nuru iliyofika, yaani lumeni zilizoangukia kila mita moja ya mraba ya meza, kitabu au sakafu. Mwamu anayejua jabia, yaani birika la kukusanyia maji ya mvua, atalielewa jambo hili upesi: mvua yote iliyonyesha mtaani ni habari moja, na maji yaliyofika ndani ya jabia ni habari nyingine, kwa kuwa mengine yalipotelea mchangani na mengine yalinywewa na kuta. Duka huuza lumeni, lakini jicho hutumia luksi.

Wasanifu wengi wa taa hutegemea viwango vya Ulaya vinavyoitwa EN 12464-1, ambavyo huweka luksi 500 mahali pa kuandika na kusoma ofisini, 300 katika eneo la mauzo dukani, 500 kwenye kaunta ya malipo, na 100 katika korido na kwenye ngazi. Nyumba za kuishi hazimo katika viwango hivyo, na huko mazoea ya kazi ndiyo yanayoongoza: luksi 100 hadi 150 kwa sebule kwa jumla, 50 hadi 100 kwa chumba cha kulala, 300 pale mtu anaposomea, na 300 hadi 500 pale kisu kinapokata kitunguu. Hizi ni nambari ndogo sana zikilinganishwa na jua la mchana, ambalo nje huweza kufikisha luksi 100,000, na jicho huvumilia tofauti hiyo kwa kuwa mboni hufunguka na kujifinya, na sehemu ya ndani ya jicho inayopokea nuru nayo hujirekebisha. Uvumilivu huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Mtu wa miaka 60 huhitaji nuru maradufu, au hata mara tatu ya ile inayomtosha kijana wa miaka 20, na ndiyo maana kijana anayepanga taa za nyumba ya wazazi wake asijipimie kwa macho yake mwenyewe.

Msana mmoja wa Mkomani

Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina umbo linaloifanya hesabu ya taa iwe ngumu na yenye mafunzo. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka nafasi kubwa, vyumba huwa vyembamba, takriban mita mbili na nusu hadi tatu, huku vikirefuka kadiri mwenye nyumba alivyopenda. Nuru ya mchana huingilia kiwandani, uwanja ulio wazi ndani ya nyumba, kisha hupita katika misana, yaani sebule ndefu nyembamba, kwanza msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), na hatimaye chumba cha ndani, na kila unapoingia zaidi sakafu huinuka kidogo na nuru hupungua. Kuta ni za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa nyeupe. Boriti juu ni nyeusi au kahawia.

Nilialikwa kuutazama msana mmoja wa aina hiyo mtaani Mkomani, wenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.6. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha balbu ya wati 9 kwa ya wati 15, na sasa alikuwa akiulizia ya wati 30, huku akilalamika mambo mawili ambayo kwake yalionekana kupingana: kwamba chumba kina giza, na kwamba taa inamuumiza macho. Balbu ilining'inia katikati, uchi, kiasi cha mita 3 kutoka sakafuni. Nilipima kwa programu ya simu, ambayo si mizani ya sonara lakini inatosha kulinganisha pahali na pahali. Chini ya balbu, katika kimo cha mtu aliyeketi kwenye godoro la kuegemea, simu ilionyesha luksi 30 hivi. Mwishoni mwa chumba, pale ambapo bibi wa nyumba hiyo huketi na msahafu wake baada ya magharibi, ilionyesha 11.

Sababu za hali hiyo ni tatu, na hakuna hata moja inayoponywa na balbu kubwa. Ya kwanza ni umbali. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali, kwa maana kwamba umbali ukiongezeka mara mbili nuru hubaki robo, na zaidi ya hapo, nuru inayokuja kwa mshazari hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi kuliko ile inayoshuka wima. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, ukisogea kando ya balbu kwa umbali ulio sawa na kimo chake juu yako, nuru inayokufikia moja kwa moja hubaki theluthi moja hivi ya ile iliyo chini yake. Bibi alikuwa amevuka umbali huo. Ukiizidisha balbu mara mbili, bibi atapata luksi 22 badala ya 11, ambazo bado hazitoshi kusomea, na anayeketi katikati atakuwa ameshaondoka kwa kuchomwa macho.

Sababu ya pili ni dari. Ukuta wa chokaa safi hurudisha asilimia 70 hadi 80 ya nuru inayoupiga, hali boriti za kale hurudisha labda asilimia 10 au 20, na sehemu kubwa ya nuru ya balbu iliyo uchi hutupwa juu na pembeni. Anayetundika balbu karibu na boriti analipia nuru ya kuangazia boriti. Sababu ya tatu ni mng'ao. Jicho linapokuwa na kitu kikali mbele yake, mboni hujifinya kwa ajili ya kile kikali, na kila kilichobaki chumbani huonekana cheusi kuliko kilivyo. Hivyo malalamiko mawili ya mwenye nyumba hayakupingana hata kidogo. Lilikuwa ni lalamiko moja.

Wazee waliotumia kandili hawakuwa na tatizo hili. Kandili lilikuwa na nuru hafifu mno, lakini lilibebwa likawekwa pale kazi ilipokuwa, kwenye kidaka cha ukutani, kwenye meza ya kusomea au kando ya jiko, na umbali mfupi ulifidia udhaifu wake. Umeme ulipoingia, taa ilipigiliwa katikati ya dari na watu wakatakiwa kuifuata. Sisemi turudie mafuta ya taa, yenye moshi na hatari yake ya moto, ila mpango mzuri wa taa za nyumbani huanza kwa kuuliza lile lile ambalo mbeba kandili alilijua bila kuuliza: nani anaketi wapi, na anafanya nini.

Katika msana ule tulikubaliana kuiondoa balbu ya katikati. Mahali pake palichukuliwa na taa nne za ukutani, kila moja ya wati 9 na lumeni 800, zikiwa na vifuniko vinavyoielekeza nuru kwenye ukuta wa chokaa na chini, si kwenye boriti. Zilipangwa mbili kila ukuta mrefu, kwa kupishana, ili kila mita 1.75 ya urefu wa chumba ipate taa moja, mara upande huu, mara upande ule, katika kimo cha mita 1.9 ambapo macho ya mtu aliyesimama hayakutani nazo. Jumla yake ni lumeni 3,200, na baada ya kuondoa zinazopotea, chumba hupata wastani wa luksi 50 hivi. Kwa hesabu ya ofisi hicho ni kiasi cha aibu, lakini kwa chumba cha kupumzikia kilicho na kuta nyeupe zilizoangaziwa sawasawa kinatosha, maana jicho huhukumu mwangaza wa chumba kwa kuta linazoziona mbele yake zaidi kuliko kwa sakafu. Bibi alipewa taa yake ya kusomea, yenye balbu ya wati 6 ndani ya kifuniko, iliyo karibu sentimita 60 kutoka kwenye kurasa. Taa hiyo ndogo humpa zaidi ya luksi 200, kiasi ambacho balbu ya darini isingekifikisha pale mwishoni hata ingelikuwa kubwa mara kumi.

Hesabu ya duka

Nyumbani tunaangaza mahali. Dukani, ofisini na darasani mambo hugeuka, kwa sababu watu hubadilisha nafasi, meza huhamishwa, na mteja ana haki ya kuona kila rafu. Huko nuru hutakiwa itandae kwa usawa, na ndiko ile kanuni ya mafundi inakofanya kazi vizuri zaidi: zidisha luksi unazozitaka kwa mita za mraba za chumba, kisha gawanya kwa vigezo viwili vilivyo chini ya moja. Kigezo cha kwanza ni cha matumizi, yaani sehemu ya lumeni inayofika kwenye kimo cha kazi baada ya kuta, dari na taa yenyewe kuchukua fungu lao. Cha pili ni cha matunzo, yaani sehemu itakayobaki baada ya vumbi na uzee kuipunguza taa. Jibu ni lumeni zote zinazohitajika, na ukizigawanya kwa lumeni za taa moja unapata idadi.

Tuchukue duka la kanga lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, dari nyeupe katika kimo cha mita 3, na kaunta ya sentimita 90. Kutoka taa hadi kaunta ni mita 2.1. Umbo la chumba hupimwa kwa kugawanya eneo lake, mita za mraba 24, kwa kimo hicho kilichozidishwa kwa jumla ya urefu na upana, yaani 2.1 mara 10, na jibu ni 1.14. Kadiri nambari hii inavyokuwa kubwa, ndivyo chumba kilivyo kipana na kifupi na ndivyo nuru inavyopotea kidogo kwenye kuta, ilhali chumba chembamba kirefu kwenda juu huwa na nambari ndogo na hasara kubwa. Kwa 1.14, katika chumba chenye dari nyeupe na kuta za rangi isiyokolea, taa za mirija za kawaida huwa na kigezo cha matumizi cha karibu 0.5. Kwa matunzo, mji wa ndani wenye hewa safi ungetumia 0.8, lakini kando ya bahari, penye chumvi hewani na vumbi la mtaani, mimi hutumia 0.7. Luksi 300 mara 24 ni 7,200, na 7,200 ikigawanywa kwa 0.35 ni lumeni 20,571. Taa ya mirija miwili ya LED yenye wati 40 na lumeni 4,000 ikichaguliwa, jibu ni 5.1. Taa tano hazitoshi na hazipangiki, kwa hiyo ziwe sita.

Hapo ndipo mafundi wengi huishia, nami nashauri tusogee hatua moja. Duka hupimwa likiwa tupu, lakini huuza likiwa limejaa. Siku rafu zitakapofunikwa kwa kanga nyekundu, nyeusi na zambarau kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kuta nyeupe zilizokuwa katika hesabu zitakuwa zimetoweka, na kigezo kitashuka kufikia 0.4 au chini yake. Taa zile zile sita zitatoa luksi 280 badala ya 350 zilizotegemewa. Katika mfano huu hali inavumilika kwa sababu tulipandisha 5.1 hadi 6, lakini katika duka lenye dari ya boriti isingevumilika, na kabla ya kununua taa za ziada mwenye duka angefaa kwanza kufikiria kupaka nyeupe ubao wa dari au sehemu za juu za kuta, kwa kuwa ndoo ya rangi haiongezi bili ya umeme.

Kupanga sita hizo kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba nalitarajia ninapoingia dukani. Fundi mwenye taa tatu za kupanga katika mita 6 hugawa urefu huo mara nne zilizo sawa, akaweka taa kwenye mita 1.5, 3 na 4.5. Kwa macho zinapendeza, maana nafasi zote zimelingana. Kwa nuru zimekosewa, kwa sababu sehemu ya katikati hupata nuru ya taa tatu hali ncha mbili hupata ya moja iliyo mbali. Kila taa ifikiriwe kuwa na shamba lake, ikiwa katikati ya shamba hilo, na shamba la mwisho likome kwenye ukuta. Kwa hiyo umbali kutoka ukutani hadi taa ya kwanza huwa nusu ya umbali ulio kati ya taa na taa: mita 1, kisha 3, kisha 5. Upande wa mita 4 nao hupata safu mbili, kwenye mita 1 na mita 3. Umbali wa mita 2 kati ya taa na taa unakaribiana na kimo cha mita 2.1, na hilo ni jema, kwa kuwa kwa taa nyingi umbali ukizidi kimo hicho mara moja na nusu madoa ya giza huanza kuonekana katikati. Safu iliyo mita 1 kutoka kwenye rafu ina faida nyingine: huimulika kanga yenyewe, iliyosimama wima, na mteja hatazami sakafu.

Lipo jambo la rangi pia. Katika maduka ya nguo mjini hapa utamwona mama ameishika doti ya kanga, anatoka nayo hadi mlangoni, anaigeuza katika nuru ya mtaa, kisha anarudi kuendelea na mazungumzo ya bei. Hafanyi hivyo kwa kumshuku muuzaji. Taa za dukani zinaweza kuwa na nuru nyingi huku zikikosa baadhi ya rangi, hasa nyekundu iliyokolea, na kitambaa hakiwezi kurudisha rangi ambayo hakikupewa. Uwezo wa taa wa kuonyesha rangi huandikwa kwenye boksi kwa alama Ra, na upeo wake ni 100. Kwa stoo na korido 80 inatosha, lakini muuza nguo angegharamia 90, hata kama ni kwa taa za kaunta tu.

Ofisi sitaichambua kwa kirefu, maana hesabu ni ile ile ikiwa na luksi 500 badala ya 300. Yafaa kukumbuka mawili. Safu za taa ziende sambamba na ukuta wa madirisha, na kila safu iwe na swichi yake, ili safu ya dirishani izimwe mchana. Hapa kwetu, nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, mchana hauchezi sana na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo nuru ya dirishani ni mali ya kutegemewa. Pili, taa isikae moja kwa moja nyuma ya anayetumia kompyuta, kwani ataiona ndani ya kioo chake siku nzima.

Kivuli cha mwenye kazi

Jikoni kosa ni lile lile la katikati, ila huonekana kwa njia nyingine. Mpishi anayesimama kwenye meza ya ukutani anaipa taa ya katikati mgongo, na kivuli chake mwenyewe hulala juu ya ubao wa kukatia. Taa yenye luksi za kutosha kwenye karatasi inakuwa haina maana. Dawa ni kuisogeza hadi iwe juu ya ukingo wa meza, kiasi cha sentimita 60 kutoka ukutani, au kuweka utepe wa LED chini ya kabati lililo juu ya meza, ukiwa umefichwa nyuma ya ubao ili usimulike macho. Na kwa kuwa kazi nyingi za jiko la Kiswahili hufanywa kwa kuketi, iulizwe pia mbuzi ya nazi inakaa wapi na mchele unachambuliwa wapi. Kijiwe kidogo ndani ya uteo wa mchele hakionekani kwa luksi 50.

Ngazi za nyumba za mawe ni za kusimama, na vidato vyake havilingani. Hapo nuru nyingi haisaidii kama nuru inayotengeneza kivuli kidogo kwenye ukingo wa kila kidato, kwa hiyo taa iliyo pembeni, juu ya mshukaji lakini nje ya macho yake, ni bora kuliko ile iliyo mbele yake. Swichi ya njia mbili, moja chini na moja juu, isihesabiwe kuwa anasa. Bafuni, kioo kiwe na taa pande mbili za uso badala ya moja juu ya kichwa, inayoacha vivuli chini ya macho na kidevu, na taa ziwe na alama ya IP44 au zaidi ya kuzuia maji.

Kuhusu taa ndogo za kuzamishwa ndani ya dari za jipsamu, zinazojaa katika nyumba mpya za ng'ambo ya bara, Mokowe na Hindi, nina wasiwasi ambao sitauficha. Mara nyingi hupangwa kwa urembo wa dari na si kwa mahitaji ya chumba. Taa yenye mfumbuko, yaani pembe ya kutawanyika kwa nuru, wa nyuzi 36, ikiwa mita 2.2 juu ya meza, huangaza duara la kipenyo cha mita 1.4 tu, yenye nyuzi 60 huangaza mita 2.5. Anayezipanga zile za nyuzi 36 kwa kila mita 2.5 anapata visiwa vya nuru sakafuni, na kuta zinabaki nyeusi kama pango. Zikisogezwa hadi sentimita 80 au 90 kutoka ukutani, nuru hushuka ukutani na chumba hufunguka, pengine kwa idadi iliyo ndogo kuliko iliyonunuliwa.

Umeme, chumvi na chokaa

Kwa upande wa umeme, taa za LED zimerahisisha mengi. Duka letu lenye taa sita za wati 40 linatumia wati 240, ambazo kwa umeme wetu wa volti 240 ni ampea moja, na waya wa milimita za mraba 1.5 unaotumika kwa taa hubeba zaidi ya hapo bila shida. Hata hivyo, taa zote zisiwekwe kwenye breka moja, ili hitilafu ya moja isiliache duka zima gizani likiwa na wateja na droo ya pesa iko wazi. Taa nyingi za LED zikiwashwa kwa swichi moja, huvuta umeme mwingi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na breka huweza kujikata ingawa hesabu ya wati inaonyesha nafasi tele. Kuzigawa huondoa hilo pia. Mahali pa biashara panapokusanya watu pawe na taa chache zenye betri, zinazojiwasha umeme ukikatika, na viwango vya Ulaya hutaka angalau luksi 1 kwenye njia ya kutokea. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli.

Hewa ya bahari hula chuma. Taa za nje na za juu ya paa zichaguliwe za plastiki ngumu au za chuma kisichoshika kutu, zenye alama ya IP65, na skrubu zake zitazamwe kabla ya kununua, maana ndizo hufa mwanzo. Nuru ya manjano, ya kelvini (kipimo cha rangi ya nuru) 3,000 kushuka chini, huwavuta wadudu wachache kuliko nyeupe kali ya kelvini 6,500, na anayekula chakula cha usiku juu ya paa atauthamini upungufu huo. Nyumba na hoteli zinazotazama ufuko, kama zile za Shela, zina sababu nyingine ya kuchagua taa za rangi ya kaharabu, zilizo chini na zilizofunikwa upande wa bahari: vifaranga vya kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea kwenye mwangaza, ambao kwa asili ni bahari, na taa za nyumba huwapoteza.

Katika mji wa kale, ukuta wenyewe huwa na neno lake. Mawe ya matumbawe na chokaa hayapendi kuchimbwa mifereji ya waya, na mfereji ukizibwa kwa saruji unyevu hunaswa ndani, chokaa ya kando yake ikaanza kubanduka. Waya upitishwe juu ya ukuta ndani ya paipu nyembamba, au kando ya boriti ambako hauonekani, na penye ulazima wa kuchimba pazibwe kwa chokaa. Mabadiliko ya nyumba za eneo lililohifadhiwa hupelekwa kwanza kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vidaka, ambavyo Waamu huviita zidaka, visitobolewe kabisa. Utepe mwembamba wa LED uliolazwa nyuma ya ukingo huvimulika vizuri, na huondolewa bila kuacha alama.

Kwa sababu ya kuta hizo, kabla ya tundu lolote mimi huomba usiku mmoja. Baada ya isha, fundi huleta holda nne au tano zenye waya mrefu, watoto huzishika kwenye vimo mbalimbali, na kila mwenye nyumba huketi mahali pake pa kila siku, mwenye kitabu na kitabu, mwenye cherehani na cherehani. Kule Mkomani bibi ndiye aliyekataa mpango wetu wa kwanza, akisema taa ya pili inamwingia jichoni kila anapogeuka kuitikia mlango. Tuliisogeza hatua moja, mjukuu akaweka alama ya chaki ukutani, na asubuhi yake fundi akaleta keekee.